Savanna ya mjomba na matundu niliyoyaacha

Mjomba alilileta gari lake juu ya lori lililokuwa linashuka Mtwara tupu kufuata korosho. Mazda Savanna RX-7 ya mwaka 1987, ile yenye tabo, feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukumia injini hewa zaidi. Alilinunua Dar kwa mtu aliyelichoka, na nilipofungua boneti nikaelewa kwa nini alilichoka.

Mimi ni fundi wa Toyota. Hapa Chikongola ukiniletea Noah naifungua huku naongea na simu. Hili lilikuwa jambo jingine. Hakuna pistoni, hakuna valvu, hakuna taimingi belti. Ndani kuna rota mbili za pembetatu, kila moja na sentimita za ujazo 654, jumla 1308. Kwenye kila ncha ya rota kuna kipande chembamba cha chuma, sili, kinachofanya kazi ambayo ringi zinaifanya kwenye pistoni. Sili moja ikivunjika, injini ni ya kushusha, na mjomba hana hela ya kushusha injini. Hela yote ilishaishia kwenye kununua.

Juu ya injini sasa: hosi. Hosi nyembamba kama mirija ya soda, zinapita chini ya manifoldi, zinarudi, zinaingia kwenye valvu za umeme zilizopangwa kama vifungo vya shati. Injini ya rota ina chumba kirefu na chembamba cha kuunguzia, moto haufiki pembeni kote, kwa hiyo petroli mbichi nyingi inatoka na moshi. Ndiyo maana kiwandani waliifunga pampu ya hewa inayozungushwa na belti. Inapuliza hewa safi kwenye milango ya ekzosi ili masalia yaungulie humo humo, kisha masega, kile kichujio cha moshi ndani ya bomba la ekzosi, yamalizie. Mpango mzuri, mwaka 1987. Sasa hivi beringi ya pampu inalia kama kasuku, masega yameziba hadi bomba linageuka jekundu usiku, na kila hosi niliyoigusa ilikatika mkononi kama ganda la korosho iliyokaangwa. Spea Mtwara hakuna. Usiniulize hata.

Nikamwambia, "Mjomba, huu uchafu wote tuutoe."

"We ndiye fundi, mjomba."

Nikang'oa. Pampu, valvu yake kubwa, bomba la kwenda kwenye masega, masega yenyewe, na lile rundo la valvu za umeme. Nikakata vibamba vya chuma kuziba matundu ya manifoldi, nikachana karatasi ya gasketi, nikafunga. Siku mbili. Picha nilipiga moja, ya kujisifu. Mchoro sikuchora.

Likawaka kwa stata moja, kisha silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ikaanza vituko. Inapanda mizunguko 2000 kwa dakika, inashuka karibu kuzima, inapanda tena, kama mtu mwenye pumu. Hiyo ni hewa inayoingia bila kuhesabiwa: sensa ya hewa iko mbele kabisa, karibu na eya klina, na kontrol boksi inatoa petroli kwa hesabu ya hewa iliyopita pale tu. Ikiingia nyingine kwa mlango wa nyuma, mchanganyiko unakuwa mkavu.

Nilianza na ubani. Ndiyo, ubani, nilichukua chetezo cha mke wangu nikapitisha moshi juu ya hosi nione unavutwa wapi. Mke wangu akanikuta na makaa juu ya injini ya petroli. Alichosema sikiandiki hapa.

Njia ya kweli ilikuwa kipande cha bomba la plastiki la maji, nikakiziba upande mmoja, nikachomeka valvu ya tairi, nikakifunga kwenye mdomo wa tabo. Kompresa, presha kidogo tu, halafu povu la sabuni kila mahali. Kibamba kimoja kilikuwa kimepinda kwa joto la kuchomelea, kinatoa mapovu. Hicho nilikitegemea. Sikutegemea nozo za oili. Injini hii inakula oili kwa makusudi: pampu ndogo inadondoshea oili ndani ili sili zisikauke, na kila nozo ina kijibomba cha kuvuta hewa safi. Mimi nilidhani ni ndugu wa zile hosi nyingine, nikavikata vyote na kuviacha wazi. Nikavirudisha kwenye bomba la hewa, baada ya sensa na kabla ya tabo, ili hewa yake ihesabiwe. Silensa ikatulia kwenye 800.

Nikadhani nimemaliza. Barabara ya Mikindani, gia ya tatu, mguu chini, gari likakata ghafla kama limegonga ukuta wa pamba. Nikiachia, linaendelea. Nikabadili plagi zote nne, nikabadili filta ya petroli. Hela za bure. Nilipofunga geji ya presha ndipo nikaona mkono wa presha ya tabo unapita baa 0.6 na bado unapanda. Bila masega ekzosi imekuwa huru, tabo inazunguka kwa kasi kuliko ilivyopangiwa, na kile kimlango cha kupitisha moshi pembeni ni kidogo, hakimudu. Kontrol boksi ikaona hatari, ikafunga petroli.

Rafiki yangu wa Lindi akanishauri niidanganye sensa ili isikate. Nilikataa. Pale kontrol boksi inapokata ndipo sili za mjomba zinapookoka. Nikashusha tabo, nikapanua tundu la kimlango kwa grenda ndogo, taratibu, nikikipima kila mara kama bado kinaziba. Sasa presha inasimama 0.45 hata nikipanda na mlima wa Mikindani.

Ila harufu. Jirani anayechoma vitumbua amesema tangu gari hili lianze kuwaka wateja wanamuuliza anakaangia nini. Ana haki. Ningeirudia kazi hii, masega ningeyatafutia mengine, pampu ndiyo ningeitupa.

Jumamosi mjomba akaja kulichukua. Nilimpa sharti moja: ukiliwasha, usilizime mpaka lipate moto, maana petroli ya kuwashia ni nyingi na itaosha oili kwenye sili. Akaitikia vizuri kabisa. Kisha akaliwasha, akalisogeza mita tatu kulifuata kivuli cha mwembe, akalizima, akaingia ndani kunywa chai.

Baada ya chai, stata inazunguka kama feni, hakuna kitu. Nikachomoa fyuzi ya nozo za petroli ili zisimwage nyingine, nikaenda kutafuta spana ya plagi.