Mababu Waliorukwa

"Mama yako hajakufunza?"

Tangu Ijumaa maneno haya yananifuata hadi jikoni. Shemeji alikuja kula bariis, akamwita yule mwanangu mwenye pengo la meno. "Adeer (ndivyo ami na mtoto wa nduguye wanavyoitana), hebu hesabu abtirsi." Abtirsi ni orodha ya mababu kwetu Wasomali, kutoka kwako kurudi hadi chimbuko la ukoo. Mtoto akaanza vizuri: jina lake, la babake, la babu, mpaka la nane. Hapo akakwama, kisha akaruka hadi mababu wakuu wa mwisho: "Ogaden, Absame, Kumade, Kablalah, Darod!" Akasimama kifua mbele kama aliyehitimu juzuu duksi, chuo cha Kurani.

Shemeji akacheka. "Hao wengine umewazika wapi?" Halafu akanigeukia, nami nimeshika birika. Hapana, hakunigeukia. Alimtazama mtoto, ndipo akasema vile. Hilo ndilo linaloniuma.

Kwa nini asiseme baba yako? Orodha nzima ni wanaume watupu, lakini ikikatika, aliyeikata ni mama. Tena mimi ni wa ukoo mwingine, mababu zangu wanaishia kwa Sheikh Isaaq! Ningemwambia, "Shemeji, hayo ni majina ya kwenu." Nikasema, "Chai ina sukari tayari."



Jana usiku mtoto akakataa kulala, akataka hadithi ya Darod. Nikampa kama nilivyoisikia: sheikh aliyevuka bahari kutoka Uarabuni, akafunika kisima kwa jiwe zito, akapanda mtini, asishuke mpaka aahidiwe mke. Mke ndiye Dobira, binti Dagale, wa ukoo wa Dir, wenyeji wa hapo. Kaburi la sheikh liko Haylaan, Sanaag, kaskazini mwa nchi ya Wasomali. Wetu, Sheikh Isaaq, kaburi lake liko Maydh, Sanaag hiyohiyo, naye wanasema alitoka Uarabuni. (Wasomi wengi hawakubali. Lugha yetu ni ya Kikushi, kundi la lugha za Afrika, na nasaba ya Kiarabu ilileta heshima ya dini, kama watu wa pwani walivyojiita Washirazi. Shemeji asisikie.)

"Kwa hiyo watoto wa Darod mama yao ni Dobira?"

"Ndivyo wanavyosimulia."

"Na yeye alikuwa wa hapohapo?"

"Eeh."

"Sasa mbona simtaji?"

Nilicheka mpaka mdogo akaamka. Nikamwambia Ijumaa akiulizwa, aanze na huyo. Sijui kama nilifanya vizuri, lakini nililala mwepesi.

Mdogo naye alfajiri amekohoa tena, kile kikohozi kikavu, na dawa kwenye chupa imebaki vijiko viwili.