Nimemuona mtu akirudi

Jamani jana natoka shifti ya usiku hapa Bronx, mtaa wa jiji la New York, nikamkuta kijana wa jengo letu kalala kwenye ngazi, midomo imekuwa ya bluu, anakoroma kwa shida, yaani mikono inanitetemeka lakini nlikuwa na ile naloksoni ya kupuliza puani, dawa ya kumrudisha mtu aliyezidisha dawa za kulevya aina ya afyuni, nikampulizia nikapiga 911, namba ya dharura, dakika kama tatu hivi akavuta pumzi, nikalia palepale. Mwaka 2023 jiji la New York walikufa watu zaidi ya 3,000 kwa kuzidisha dawa za kulevya, kama wanane kati ya kumi walikutwa na fentanili, dawa ya aina ya afyuni yenye nguvu sana, 2024 wakashuka hadi karibu 2,200 lakini huku Bronx bado tunazika sana. Wengine wanadhani ni kokeini tu kumbe imechanganywa na fentanili. Naloksoni inauzwa famasi bila cheti cha daktari, wekeni kwenye mkoba ndugu zangu.