Nilivyojenga upya matangi ya mafuta ya boti ya mjomba

Boti ya mjomba ilikuwa na tabia moja iliyonitia hofu. Bahari ikiwa shwari injini inanguruma vizuri, lakini tukifika kwenye mkondo wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mawimbi yakianza kuturusha, inakohoa na kuzima. Mara mbili ilituacha njiani upepo wa kusi ukivuma. Nilibadilisha filta, nikasafisha nozeli, nikatoa hewa kwenye mipira ya mafuta, wapi. Siku nilipomimina uchafu wa filta kwenye bilauri nikaona safu tatu: dizeli juu, utelezi mweusi katikati, maji chini. Kumbe ugonjwa uko tangini. Bomba la kunyonya lilikuwa karibu liguse sakafu, na kila wimbi lilikoroga uchafu uliolala pale.

Tuliipandisha pwani kwa maji ya bamvua, bahari inapojaa kuliko siku zote. Habari za kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, na mbao tulizobadilisha siziandiki, Nungwi hata watoto wanazijua. Kazi ilikuwa matangi mawili ya chuma yaliyotiwa kabla sitaha haijafungwa. Ilibidi tuikate.

Fundi mzee aliyenisaidia alilipindua la kwanza, akalibonyeza kwa bisibisi. Ikazama kama kwenye papai bivu. Kutu ilibanduka tabaka kwa tabaka, lakini juu na ubavuni chuma kilikuwa kizima kabisa. Pale lilipokaa palikuwa na kipande cha godoro, kimewekwa ili lisigonge mbao. Nilikikamua, yakatoka maji ya chumvi.

"Mwanangu," akasema, "hiki hakikuozeshwa na dizeli. Kimeozeshwa na godoro."

Kuna walionishauri nikate sehemu zilizo bado nzima nizichomelee upya. Nilikataa katakata. Tangi lililowahi kutiwa mafuta hubaki na mvuke hata likiwa tupu, na cheche moja inatosha kulipasua. Wengine walitaka alumini. Ni nzuri na nyepesi, ila kuichomelea kunataka gesi ya agoni na mkono uliozoea. Mimi nilichukua chuma cha kawaida cha milimita 3, kwa sababu likitoboka, fundi wa pwani yoyote ataliziba. Bati la zinki sikulitaka hata kidogo, maana zinki na dizeli hazipatani. Hutoa uchafu unaoziba filta.

Kwanza nilitengeneza tangi la kadibodi, nikalipitisha kwenye tundu la sitaha mpaka likaenea: sentimita 90 kwa 50 kwa 40, yaani lita 180. Ndani tulitia kuta mbili zilizokatwa pembe, mafuta yapite lakini yasipige mbio. Sakafu inainamia nyuma, kwenye kishimo chenye kizibo cha kumwagia maji. Bomba la kunyonya linaingia kwa juu na kuishia sentimita 2.5 kabla ya sakafu. Juu tuliacha mfuniko unaopitisha mkono, na hapo nilikosea: nilikata mpira wa ndani wa tairi kuwa gasketi. Wiki haikuisha, dizeli imeuvimbisha, umelegea kama mkate uliolowa. Nikanunua mpira unaostahimili mafuta.

Kupima kuvuja hatukutumia kompresa. Tulijaza tangi maji, tukaunganisha mpira mwembamba, tukaufunga kwenye mnazi mita 2 juu ya tangi, nao tukaujaza. Uzito wa maji yale unatosha kufichua tundu la sindano. Tuliacha usiku kucha. Asubuhi kulikuwa na tone moja limening'inia kwenye pembe ya chini. Fundi aliliangalia muda mrefu, akaliwekea alama ya chaki. Tulimwaga, tukakausha, tukachomelea, tukajaza tena.

Nje tulipaka epoksi mara mbili. Ndani hatukupaka kitu. Dizeli yenyewe hukilinda chuma, na rangi ingebanduka. Bomba la kupumulia tulilipandisha na kulipinda mdomo uangalie chini. Na badala ya godoro, kila tangi limekaa juu ya vipande vitatu vya mpira mgumu, vimegundishwa kwa gundi pande zote maji yasijipenyeze, na hewa inapita chini yake. Mkono wangu unaingia pale, nimejaribu.

Tulivuka kwenda bandari ya Mkoani, Pemba, kusi likiwa limechacha. Fundi alikaa juu ya injini njia nzima, hasemi. Tulipofunga gati akafungua kizibo, akakinga bilauri, akainyanyua juani. Dizeli tupu, unauona mkono wake upande wa pili.