Jenetiki ilivyoniingia kichwani kwa kuku wa mama, madogo wa PCB pitieni hapa

Wadau, kila mtihani ukikaribia naona madogo wa fomu siksi wanalia na jenetiki, ile elimu ya kurithi sifa. Mi nlisoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) na hii topiki ilinitesa kuliko hata fizikia, sasa hivi nafundisha tuisheni na ndo topiki naipenda kuliko zote, kwahiyo acha niwaelezee nlivyofanya mpaka ikakaa. Ntaandika kama nnavyoongea, mtanivumilia.

Kitu cha kwanza, nliacha kukariri. Notsi zetu zinaanza na majina tu, aleli, fenotaipu, jenotaipu, homozaigasi, heterozaigasi, kurasa mbili zote majina, halafu ghafla unapigwa na swali la njegere ndefu na fupi. Njegere yenyewe naijua kwenye pilau, sijawahi kuona ndefu imekutanishwa na fupi. Sasa likizo moja nikasema hapana, natafuta kitu kinachozaana hapa hapa nyumbani nikione kwa macho.

Mama anafuga kuku wa kienyeji, na kwenye lile kundi kulikua na jogoo mmoja kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Mama alikua anampenda balaa, anasema "huyu mwanangu ana damu kali, akipanda tu vifaranga wanatoka na shingo yake." Nikamuuliza mama ni wote wanatoka hivyo? Akafikiria, akasema "wote hapana, kama nusu hivi." Hapo hapo nikakimbilia daftari, maana nusu kwenye jenetiki sio neno la kawaida, nusu ni ushahidi.

Kishingo ni jeni moja tu, inaandikwa Na, na mwenzake wa shingo ya kawaida ni na. Kuku ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba moja ya mama, kwahiyo anaweza kuwa NaNa, Nana au nana. Sasa angalia vizuri kishingo wa kwenu, kuna ambaye shingo iko wazi kabisa na kuna ambaye mbele ya shingo kwa chini ana kitita kidogo cha manyoya kama amevaa tai. Huyo mwenye tai ni Nana, ana dozi moja. Wa wazi kabisa ni NaNa, ana dozi mbili. Yaani jenotaipu, zile herufi za ndani, unaisoma kwenye shingo bila maabara! Hiyo ndo ile mnaandikiwa dominansi isiyokamilika, heterozaigasi, mwenye nakala mbili tofauti, anakaa katikati ya wazazi badala ya kufanana kabisa na mmoja. Jogoo wa mama alikua na tai. Nana ukimpandisha kwa mitetea nana unapata nusu Nana na nusu nana, ndo ile nusu ya mama, na ndo hiyo hiyo testi krosi ya kwenye kitabu, kumpandisha na mwenye nakala mbili za resesivu (inayofichwa na mwenzake) uone ndani ana nini.

Ila kabla hujaanza kujaribu kwenu kuna kitu inabidi ujue. Mtetea anaweza kutunza mbegu za jogoo mwilini zaidi ya wiki mbili, na kuku wa kienyeji anatembea mtaa mzima, kwahiyo ukimfungia leo na jogoo wako mayai ya kesho yanaweza kuwa ya jogoo wa jirani. Nliwatenga kama wiki tatu kwanza, mama analalamika nawatesa kuku wake, ndo nikawaingizia yule jogoo. Kifaranga kishingo anajulikana siku ile ile anatoka kwenye yai, husubiri akue.

Mtetea mmoja akatotoa vifaranga kumi na moja, wanne kishingo na saba wa kawaida. Sasa hapa ndo watu wengi wanapotea, wanataka nusu iwe nusu kamili. Uwiano sio ahadi, ni uwezekano wa kila yai peke yake, yai la pili halijui la kwanza lilitoka nini. Ndo maana Mendel, yule mtawa wa Brno, hakuhesabu mimea kumi akaenda kulala, kuanzia 1856 hadi 1863 alipanda mimea ya njegere maelfu kwa maelfu. Kwenye umbo la mbegu alipata mviringo 5474 na zilizokunjamana 1850, gawanya uone, 2.96 kwa 1. Rangi ya mbegu njano 6022 na kijani 2001, hiyo ni 3.01 kwa 1. Uwiano unaotegemewa hapo ni 3 kwa 1, na hata yeye na mbegu zote hizo hakupata 3 kamili, sasa wewe na vifaranga kumi na moja unataka nini. Alisoma kazi yake mbele ya watu 1865, ikachapishwa 1866, halafu ikakaa tu hadi 1900 ndo dunia ikashtuka, yeye alishafariki toka 1884. Inauma kidogo.

Na hiyo kazi yake ndo iliua wazo la damu kuchanganyika. Zamani watu waliamini sifa za baba na mama zinachanganyika zinapotea moja kwa moja, lakini ukichukua kishingo wawili wenye tai ukawapandisha, kwenye vifaranga wanatoka wengine wenye shingo ya kawaida kabisa, manyoya yote. Yametoka wapi wakati wazazi wote ni kishingo? Yalikuepo muda wote, ile na ndogo ilikua imekaa nzima ndani ya kila mzazi. Robo wazi kabisa, nusu wenye tai, robo wa kawaida. Hiyo 1:2:1 mi sikuikariri, nliiona inatembea uwanjani.

Sasa twende kwenye kukokotoa maana ndo marks zilipo. Wanafunzi wangu nawalazimisha waandike gameti (yai au mbegu ya uzazi) kwanza, kabla hata ya kuchora ile jedwali ya Punnett, viboksi vya kukutanisha gameti za wazazi. Gameti inabeba herufi moja tu kutoka kila jozi, kwasababu meiosisi, ule mgawanyiko wa seli unaotengeneza gameti, imetenganisha nakala mbili. Mzazi AaBb gameti zake ni AB, Ab, aB, ab, basi. Nikiona mtu kaandika gameti "Aa" namrudisha kwenye meiosisi siku hiyo hiyo, hatuendelei na kitu kingine, maana huyo hata akipata jibu kalipata kwa bahati.

Halafu jedwali kubwa achaneni nayo. Sifa mbili ni viboksi 16, sifa tatu ni 64, unachora mpaka muda unaisha. Ukishajua jeni ziko kwenye kromosomu (nyuzi za DNA zinazobeba jeni) tofauti, chukua kila sifa peke yake halafu zidisha. AaBb kwa AaBb, unataka sifa A ionekane na b ionekane: robo tatu mara robo moja, unapata 3/16, umemaliza. AaBbCc kwa AaBbCc unataka aabbcc, robo mara robo mara robo ni 1/64, mstari mmoja. Mendel mwenyewe kwenye sifa mbili alipata 315, 108, 101 na 32, jumla 556, gawanya kwa 16 uone ilivyo karibu na 9:3:3:1, uwiano unaotegemewa wa sifa mbili.

Kilichofanya nisiichukulie tena kama topiki ya mtihani tu ni sikoseli. Mtaani kwetu kuna familia mtoto wao wa kwanza ana sikoseli, na mama wa yule mtoto alikua anaambiwa na watu "hospitali wamesema mmoja kati ya wanne, wewe ushampata huyo mmoja, zaa tu watatu wanaokuja ni wazima." Aisee nliposikia hiyo nikakumbuka mayai. Baba ni AS, mama ni AS (A ni himoglobini ya kawaida, S ni ya sikoseli, anayeumwa ni SS), kila mimba inaanza upya na robo yake, hakuna foleni kwamba zamu ya SS imeshapita. Nlimwelezea kwa heshima, shikamoo mama fulani, nikachora kwenye karatasi, A na S juu, A na S pembeni, viboksi vinne. Akauliza swali ambalo hata darasani hakuna aliyeuliza, "kwahiyo hata wote wanne wanaweza kuumwa?" Ndio, kwa hao watatu wanaokuja ni robo mara robo mara robo, 1/64, uwezekano mdogo, ila upo, na vile vile inawezekana kati yao asiumwe hata mmoja.

Chanzo chake kinashangaza kwa udogo. Jeni ya himoglobini beta iko kwenye kromosomu ya 11, herufi moja tu ya DNA imebadilika, GAG ikawa GTG, basi kwenye nafasi ya sita badala ya asidi ya glutamiki inakaa valini. Hicho tu. Oksijeni ikipungua himoglobini zinashikamana, seli nyekundu inajikunja kama mundu, inaziba mishipa midogo, ndo yale maumivu. Sasa mbona kitu kibaya hivi kimebaki kwa watu wengi huku kwetu? Daktari Anthony Allison, ambaye utoto wake ulikua Kenya, alichapisha 1954 kwamba wenye AS wanapata kinga dhidi ya malaria. Sio kwamba hawaumwi, ila ile malaria kali inayoua watoto inawapata kidogo zaidi. Kwahiyo AA alikua anapigwa na malaria, SS anapigwa na sikoseli, AS anapita katikati anazaa, na S inaendelea kuwepo. Swali la uteuzi asilia, yaani mazingira yanavyochagua nani aishi azae, likija mtihanini mfano ndo huu.

Kuna mtego hapa ambao watunga maswali wanaupenda mno. Mdogo wake yule mtoto ni mzima kabisa, kuna uwezekano gani amebeba S? Wengi wanasema nusu. Hapana, ni theluthi mbili. Kwenye viboksi vinne una AA moja, AS mbili, SS moja, lakini ushaambiwa ni mzima, kwahiyo SS unaifuta, vimebaki vitatu na viwili kati ya hivyo ni AS. Maishani lakini usikae unakokotoa, kama unataka kuoa au kuolewa nendeni mkapime elektroforesisi ya himoglobini, kipimo cha damu, jibu linatoka AA au AS au SS, hamna cha theluthi.

Chati za ukoo nazo zinaonekana ngumu bure tu. Mi naanza kutafuta vitu viwili. Baba na mama wazima wamezaa mtoto anayeumwa? Basi sifa ni resesivu. Kuna binti anaumwa na baba yake ni mzima? Basi hiyo resesivu haiko kwenye X, kromosomu ya jinsia (mwanamke ana X mbili, mwanaume X moja na Y), maana binti anachukua X moja kwa baba yake, na baba mzima X yake ni nzima. Hapo umeshakata nusu ya majibu ya uongo.

Na tukiwa kwenye X na Y, jamani wanaume wanaowafukuza wake zao kisa wanazaa wasichana tu, Y inatoka kwako wewe baba! Mama ana X na X, hana Y ya kumpa mtoto. Kwa kuku ndo imegeuka, jogoo ni ZZ na mtetea ni ZW, yai ndo linaamua. Mama alicheka sana nlipomwambia hii, akasema basi heri baba yako angeoa kuku.

La mwisho Hardy-Weinberg, fomula ya 1908 ya kukadiria jeni kwenye jamii nzima (p ni sehemu ya aleli ya kawaida, q ya resesivu), watu wanaikimbia wakati ni hesabu ya dakika mbili. Chukua ualbino, kwa Tanzania inatajwa sana kwamba ni kama mtu 1 kati ya 1400. Ni resesivu, kwahiyo huyo ni q mraba. Tafuta kipeo cha pili cha 1/1400, unapata karibu 0.027, hiyo ndo q. p ni iliyobaki, 0.973. Wabebaji ni 2pq, yaani 2 mara 0.973 mara 0.027, inakuja kama 0.05, karibu mtu 1 kati ya 19. Darasa la watu 57 kwa wastani lina watatu wenye hiyo jeni na hawajijui. Nlivyoionyesha hii tuisheni darasa lilinyamaza, halafu dogo mmoja akauliza kwahiyo mwenye ualbino kazaliwa kwenye ukoo wetu sote, nikamwambia ndo hivyo, wale wanaosema ni laana ya familia fulani waje wahesabu.

Ila fomula hii ina masharti, na kipengele b cha swali mara nyingi kinayauliza: watu wawe wengi, waoane bila kuchaguana kwa jeni hiyo, pasiwe na mabadiliko mapya ya jeni, pasiwe na wanaohamia au kuhama, pasiwe na uteuzi asilia. Sehemu ambazo watu wanaoana ndugu kwa ndugu sharti la pili linavunjika na watoto wenye sifa resesivu wanaongezeka kuliko hesabu inavyosema. Yaandikeni yote matano, mkiandika matatu mnapoteza marks.