Mama anatafuna upande wa kulia tena

Jamani, furaha niliyonayo leo siwezi kuificha. Mama kala nyama choma ya mbuzi, katafuna kwa magego ya kulia, upande uliokuwa pengo kwa miaka.

Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua alishajaribu. Yalimchubua ufizi mpaka akayaacha kwenye glasi ya maji. Safari hii tukachagua ya kupandikiza: skrubu ndogo ya titani inaingizwa kwenye mfupa wa taya, mfupa unaishika, kisha jino linafungwa juu yake. Njia hii ni kazi ya Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, aliyempandikizia mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965.

Mnaoniuliza kama inauma, mama anasema sindano ya ganzi ndiyo iliyomuuma zaidi. Kazi ni kungoja, maana mfupa kwa kawaida huhitaji miezi 3 hadi 6 kushikana vizuri. Kwake ilikuwa zaidi. Jino likishang'olewa mfupa husinyaa, kwa hiyo ilibidi aongezewe mfupa kwanza. Tena ana kisukari, na daktari alikataa kabisa kuanza kabla sukari haijatulia, kwa sababu kidonda kingechelewa kupona na skrubu ingeweza kulegea. Namshukuru sana kwa msimamo ule.

Gharama ni kubwa, na inaniuma kwamba wengi huishia kung'oa tu.

Jino hili halitoboki, lakini ufizi unaolizunguka unaweza kuvimba na kuugua, kwa hiyo kila usiku mama anapiga mswaki na kupitisha uzi.