Alama hazipandi

Jumamosi, usiku. Umeme umerudi muda si mrefu, na upepo bado unapigapiga mabati. Naandika kabla sijasahau maneno yenyewe.

Leo walikuja watoto 12 kujifunza kutengeneza gemu za kompyuta, kwa mashine sita, wawili wawili. Tunakaa sebuleni kwa jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma. Yeye hutoa makochi yake nje kila Jumamosi mchana bila kuombwa mara mbili, Mungu ambariki. Intaneti hatuna. Scratch, programu ya watoto ya kutengenezea gemu, niliihamisha kwa flashi kutoka kwenye mashine yangu, inafanya kazi bila bando, na ukibonyeza alama ya dunia kule juu unaweza kuchagua Kiswahili. Ilitoka mwaka 2007 kwenye maabara ya chuo cha MIT, Marekani, na ni bure. Mtoto haandiki amri kwa herufi, anazivuta na kuzipachika moja chini ya nyingine. Sisi tunaziita matofali, na hakuna aliyeniuliza kwa nini, maana kila mmoja wao ameona nyumba ikipanda mtaani kwao.

Wiki iliyopita nilianza vibaya. Nilisimama ubaoni nikaeleza nini maana ya programu, na nusu saa baadaye wawili walikuwa wamelala. Leo nimechora skrini sakafuni kwa chaki: sifuri katikati, 240 kulia, hasi 240 kushoto, 180 juu, hasi 180 chini. Mtoto anasimama kwenye sifuri, mwenzake anampa namba, anatembea. Dakika kumi tu, na namba hasi ambazo shuleni zinawatesa zikawa ni kugeuka kushoto na kwenda. Kijana mmoja alitaka gemu lake liwe na treni badala ya ndege wa shambani (tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wavulana hawana habari nyingine) nikamwachia. Treni yake ilikatiza skrini nzima hadi 240, naye akatangaza, "Dodoma, tumefika!"

Lakini ninayetaka kumwandika ni binti wa darasa la sita, mkimya, ambaye likizo hupelekwa kwa bibi yake upande wa Mvumi. Gemu lake ni la kuamia ndege, yaani kuwafukuza shambani kutoka juu ya ulingo, lile jukwaa la kulindia mazao. Kwelea kwelea anatoka kulia, anaelekea kwenye suke la uwele kushoto. Mtoto aliyemchora kwenye gemu anapanda na kushuka kwa vishale vya kibodi, akimgusa ndege anapata alama moja. Alilipanga lote mwenyewe, akabonyeza bendera ya kijani ya kuanzisha gemu, mtoto akamkumba ndege sawasawa. Alama: 0. Akarudia. 0.

"Mwalimu, alama hazipandi."

Nilikuwa nimeshaliona kosa kutoka nilipokuwa nimesimama, na mkono wangu ulikuwa njiani kuelekea kwenye kipanya. Hapo nikakumbuka darasa la kompyuta nililosoma mimi. Kila nilipokwama mwalimu alinipokonya kipanya, akabonyeza mara tatu, akasema "umeona?" Nilisema nimeona. Sikuwa nimeona chochote, na kwa miaka mingi nikaamini kwamba kompyuta si za watu kama mimi. Mikono nikaifunga nyuma.

"Isomee kwa sauti, tofali kwa tofali, usiruke."

Akasoma, kidole kwenye kioo. "Bendera ikibonyezwa. Kama unagusa ndege, basi ongeza alama 1."

"Halafu?"

"Halafu basi. Imeisha."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza, na ukimya ule ulikuwa mgumu kwangu kuliko kwake. Mwenzake akataka kusaidia, akamzuia kwa kiwiko. Kisha akasema polepole, "Kumbe inaangalia mara moja tu. Bendera ikibonyezwa inaangalia, inakuta hakuna ndege, inakwenda zake. Ni kama mtu amepanda ulingoni asubuhi, akachungulia shamba, akashuka akalale."

Sijawahi kusikia mtu akieleza jambo hili vizuri hivyo. Mimi ningesema habari za masharti na marudio. Yeye amekaa ulingoni na kombeo mkononi, anajua kwamba kulinda ni kuangalia tena na tena hadi jua lizame. Akalitafuta lile tofali lenye mdomo, tunaloliita milele, akalifungua, akaliingiza sharti lake ndani.

Alama zikapanda. Zikapanda mno: ndege mmoja, alama 23. Wenzake wakashangilia, yeye hakucheka. "Nimefukuza mmoja. Siwezi kuandikiwa 23." Kosa hili linanyima usingizi hata watu wazima, kwa sababu mashine huangalia kama mara 30 kwa sekunde, na muda wote ndege yuko mikononi mwa mtoto, kila kuangalia ni alama. Nilimwambia hilo tu, la mara 30. Dawa aliipata mwenzake: "Sasa huyu ndege akifukuzwa mbona haondoki? Aondoke." Wakaongeza tofali la kumrudisha ndege kulia kabisa, x 240 (x ni namba ya kulia na kushoto), na y, namba ya juu na chini, ya kubahatisha ili asipite njia ileile. Alama 1. Kisha 2. Umeme ukakatika, mashine yao ikabaki na chaji kidogo, wakacheza kwa zamu hadi ikazima, lakini kazi walikuwa wameihifadhi.

Wakati wa kuondoka alirudi mlangoni, ndala mkononi. "Mwalimu, lakini kwelea haji mmoja. Wanakuja kundi, mpaka jua linafifia. Tunafanyaje?"

Nikamwambia tutaona Jumamosi. Sasa niko mezani na tofali la kujinakili. Nimetengeneza ndege 100, lakini kwenye skrini naona mmoja tu, kumbe wote wamelaliana mahali pamoja na wanaruka kwa mwendo mmoja. Itabidi kila nakala ibahatishe mahali pake na muda wake wa kutoka. Na Scratch hairuhusu zaidi ya nakala 300 kwa wakati mmoja. Najua atakachosema akisikia: kwa kundi la kwelea, hao ni wachache.