Nilivyomfikia John Howland wa Mayflower kwa kuanzia kwa bibi wa mume wangu

Mama mkwe wangu ni Mmarekani wa Vermont, na kwao kuna stori ya miaka yote kwamba wametoka kwa John Howland, yule kijana aliyekuja 1620 na Mayflower, meli iliyoleta walowezi Waingereza Marekani, akarushwa baharini na dhoruba katikati ya safari, bahati akadaka kamba ya tanga wakamvuta. Stori tamu ila karatasi hakuna. Basi mimi mkwe ndo nikapewa kazi.

Wengi wanaanza na mzee wa 1620 halafu wanashuka. Mi naona huko ni kujitafutia shida, Howland alizaa watoto kumi na ukoo wake umejaa Marekani nzima, utashukia wapi? Isitoshe vizazi vya mwanzo vimeshachambuliwa na General Society of Mayflower Descendants, chama cha wazao wa waliokuja na meli hiyo, vitabu vipo, we kazi yako ni kupanda kutoka kwenu mpaka ukutane nao.

Nikaanza na bibi wa mume wangu, vyeti, halafu sensa za Marekani, zipo bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Ile ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto, unairuka. Mpaka 1850 inateleza tu maana sensa ya mwaka ule inataja jina la kila mtu huru (asiye mtumwa) ndani ya nyumba, lakini ukirudi nyuma ya hapo ni balaa, ameandikwa mkuu wa kaya peke yake na wengine wote ni idadi tu, wanawake ndo wanapotea kabisa, na njia yetu sisi ilipita kwa mwanamke!

Kilichoniokoa ni pensheni. Sheria ya 1836 iliruhusu wajane wa wanajeshi wa vita ya uhuru wa Marekani walipwe ila lazima uthibitishe ndoa, na wapo ambao hawakuwa na cheti chochote, basi wakawa wananyofoa kwenye Biblia ya nyumbani ule ukurasa ulioandikwa ndoa na watoto wanautuma serikalini, na mafaili yapo National Archives, hifadhi ya nyaraka za serikali ya Marekani, mpaka leo. Wa kwetu naye alinyofoa wake. Watoto wote wamepangwa na tarehe zao, na kwenye kiapo katajwa kwao ni nani. Nilipiga kigelegele usiku wa manane mume wangu akadhani mwizi kaingia.

Baada ya hapo wosia wa baba yake huyo mjane, Massachusetts, ukamtaja binti kwa jina la mumewe, tukawa tumeingia kwenye vile vitabu vya chama.

Sasa stori ya familia ilisema pia mke wa Howland, Elizabeth, alikuwa binti wa John Carver, gavana wa koloni lao la Plymouth. Hiyo zamani iliaminiwa na wengi, mpaka andiko la William Bradford, naye wa Mayflower aliyeandika historia ya koloni, lilipopatikana London 1855 ikaonekana ni mtoto wa John Tilley, na ubatizo wake upo Henlow, Uingereza, 1607. Howland mwenyewe kwa Carver alikuwa mtumishi. Mama mkwe kumpoteza gavana hakupenda hata kidogo, akanambia haya, Tilley muandike, ila kwa penseli.